Draiva moja, prosesa nyingi: NetBSD wanafanyaje?

Kuna swali linanifikia mara kwa mara: kadi ya mtandao inafanya kazi safi kwenye PC, ukiihamishia kwenye mashine yenye prosesa ya aina nyingine haisomi kabisa. Kadi si ni ileile? Ndiyo, ni ileile. Tatizo liko kwenye draiva.

Draiva ni sehemu ya keneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi, inayojua kuongea na kifaa fulani. Kifaa kina rejista, chukulia ni visanduku vya namba. Draiva ikiandika namba humo, kifaa kinatii. Hilo halibadiliki popote. Kinachobadilika ni njia ya kuvifikia hivyo visanduku, na hapo kuna mambo matatu:

1. Mlango. Prosesa za x86 (Intel na AMD) zina amri maalumu za kuongea na vifaa, in na out. ARM na MIPS hazina. Kwao rejista zinaonekana kama kipande cha kumbukumbu. Draiva iliyojaa in na out haitoki nje ya PC.

2. Mpangilio wa baiti. Andika 03/04. Sisi tunasoma tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4. Prosesa nazo ni hivyohivyo: x86 inatanguliza baiti ndogo, SPARC inatanguliza kubwa. Namba 1 ya baiti nne ikisomwa kinyume inakuwa 16,777,216!

3. DMA, yaani kadi kuchota data kwenye kumbukumbu yenyewe bila kuisumbua prosesa. Anwani inayoonwa na kadi si lazima iwe ile inayoonwa na prosesa. Tena kwenye mashine nyingi za ARM na MIPS data mpya inaweza kuwa bado iko kwenye kashe, kadi ikachota ya zamani.

Sasa tuje kwa NetBSD, mradi ulioanza 1993. Wao waliamua draiva isiuguse mlango wenyewe, iombe tu. Ikisema bus_space_read_4 maana yake "nisomee baiti 4 za rejista hii". Namna ya kusoma ni kazi ya sehemu ya keneli inayoijua mashine husika, na suala la mpangilio wa baiti linamalizwa hukohuko. Njia hii ilikaa sawa kwenye NetBSD 1.3, iliyotoka 1998. Toleo hilohilo lilileta bus_dma kwa ajili ya DMA, kazi ya Jason R. Thorpe alipokuwa NASA Ames.

Mfano halisi ni chipu za mtandao za Digital zinazoitwa Tulip. Zilikuwemo kwenye PC za x86, kwenye mashine za Alpha, na kwenye Cobalt Qube 2 yenye prosesa ya MIPS. NetBSD wanazihudumia zote kwa draiva moja, tlp. Ujuzi wa chipu uko kwenye faili moja, sys/dev/ic/tulip.c. Faili ndogo pembeni zinaeleza tu kadi imechomekwa wapi: PCI, EISA au CardBus.

Faida yake? Piga hesabu. Vifaa 20 kwa aina 10 za mashine, kila mmoja akiandika yake, ni draiva 200 za kutunza. Kwa njia hii zinabaki 20. Kosa likirekebishwa mahali pamoja, wote wamepona. Linux nao wana utaratibu wa aina hii, kwa readl na dma_map_single.

Ila jamani, angalizo: haya yote yanahitaji msimbo wa draiva. Faili lililokwisha kukompailiwa kwa ajili ya x86 halielewi ARM. Kampuni ikikupa faili hilo tu, kifaa chako kimefungwa kwenye aina moja ya prosesa, na siku kampuni ikiachana nacho hakuna fundi wa kukuokoa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako, uliza: msimbo wa draiva uko wazi?

Msimbo wa NetBSD uko wazi kwa yeyote. Mwenye dakika zimebaki kafe aifungue hiyo tulip.c ajionee. Maswali na ubishi, tuonane kwenye maoni hapo chini.