Diklofenaki: Dawa ya maumivu yenye masharti yake

MAUMIVU ya mgongo, magoti, jino na hedhi ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wakazi wengi wa mijini kuingia duka la dawa na kununua diklofenaki bila kumwona daktari.

Dawa hiyo, inayouzwa pia kwa jina la Voltaren na majina mengine ya kibiashara, imo katika kundi moja na aspirini na ibuprofeni. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi na kwa siku chache, huwapa nafuu wengi. Ikitumiwa kiholela, inaweza kusababisha vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kuuathiri moyo.

Faida na madhara hayo vina chanzo kimoja. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kuwa dawa za jamii ya aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochangia maumivu, homa na uvimbe. Kazi hiyo ilimwezesha kuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Lakini kemikali hizo hizo hulinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika vizuri kwenye figo.

Ndiyo maana dhana kwamba sindano ya diklofenaki haidhuru tumbo si sahihi, kwani dawa hufika huko kwa njia ya damu. Vilevile, kumeza kidonge baada ya kula hupunguza kichefuchefu na kiungulia, lakini hakuondoi hatari ya vidonda.

Kwa kawaida mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya miligramu 50 vilivyogawanywa asubuhi, mchana na jioni. Kanuni ni kutumia kiasi kidogo kinachotosha, kwa muda mfupi iwezekanavyo. Watoto wasipewe bila maelekezo ya daktari.

Vidonge vingi vya dawa hii vimefunikwa kwa ganda maalumu ili visiyeyuke mpaka vifike kwenye utumbo mdogo. Vidonge hivyo humezwa vizima, bila kutafunwa wala kusagwa. Kwa kuwa huchelewa kufanya kazi, mgonjwa asiharakishe kumeza kingine kwa kudhani cha kwanza kimeshindwa.

Kosa jingine ni kuchanganya dawa. Mtu anaweza kumeza diklofenaki kwa ajili ya goti, na jioni akanunua ibuprofeni kwa ajili ya jino, asijue kuwa ni za kundi moja. Nafuu haiongezeki sana, ila madhara hujumlika. Inafaa kusoma kwenye pakiti jina halisi la dawa, si lile la kibiashara pekee. Parasetamoli haimo katika kundi hilo, na inaweza kutumiwa pamoja na diklofenaki bila kuzidisha kipimo chake.

Wapo wasiopaswa kuitumia kabisa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilieleza kuwa diklofenaki isitolewe kwa wenye ugonjwa wa moyo, moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, au waliowahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Mwaka 2015 Uingereza ilisitisha uuzaji wa vidonge vyake bila cheti cha daktari.

Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na aspirini nao waiepuke. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kuongeza mkojo wamwone daktari kwanza, kwani mchanganyiko huo unaweza kuzidhuru figo, hasa mtu anapoharisha au kutapika. Wajawazito wasiitumie kuanzia wiki ya 20 ila kwa agizo la daktari, na katika miezi mitatu ya mwisho haifai kabisa.

Tahadhari nyingine ni homa. Katika maeneo yenye dengi, kama Dar es Salaam iliyokumbwa na milipuko mwaka 2014 na 2019, mwenye homa na maumivu ya viungo asimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kabla ya kupimwa. Dengi inaweza kusababisha kutoka damu, na dawa hizo huongeza hatari hiyo. Parasetamoli ndiyo inayoshauriwa, huku mgonjwa akipimwa malaria pia.

Kwa maumivu ya goti au vidole, dawa ya kupaka huingiza kiasi kidogo zaidi mwilini.

Anayepata choo cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo kupungua, miguu kuvimba, kifua kubana au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, aache dawa na awahi hospitali mara moja. Na maumivu yanayorejea kila dawa inapoisha yanahitaji uchunguzi, si pakiti nyingine.