Mwezi Usioandama

Kipande cha mwisho cha babu yangu kina vyumba 30, na kati ya hivyo, 22 vimetiwa alama. Ni kadi ngumu ya kazi iliyofifia ikawa rangi ya chai ya maziwa, pembe moja imeliwa na mende. Mama aliitoa ndani ya mkebe wa bati mwaka juzi akanikabidhi bila maelezo mengi, kwa kuwa alikuwa ameona hali yangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza. Msimu ule nilikuwa nimepokea sare za harusi za akina mama 12, magauni ya Idi na kaptula za shule, na kila aliyepita dukani nilimpa jibu moja: njoo kesho. Wale wa harusi walikuja mara tatu. Mara ya nne walichukua vitambaa vyao, vingine nimeshavikata, wakaondoka bila kunigombeza. Ukimya wao uliniuma kuliko matusi. Ndipo mama aliponiambia, "Babu yako hakujua kusoma saa, mwanangu, lakini siku yake alijua inaishia wapi."

Nilitaka kuelewa maneno hayo, nikaanza kuuliza wazee na kusoma habari za mkonge, zao lililoujenga mkoa huu wetu wa Tanga. Mche wake si wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na ikafika hai 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa upande wa Pangani na kuzaa mashamba yaliyofuata. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na kufikia 1896 ilikuwa imefika Muheza. Ardhi ikapatikana, reli ikapatikana. Walikosekana watu. Msambaa alikuwa na migomba yake na mahindi yake. Kwa nini ashuke bondeni kumlimia mgeni?

Jibu la serikali ya Kijerumani lilikuwa kadi. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo tunaiita Lushoto, kila mwanamume mzima alitakiwa awe na kadi yenye siku 30 za kazi kwa mzungu, azimalize ndani ya miezi minne. Asiyeonyesha kadi iliyojaa alikuwa na kesi ya kujibu. Hapo ndipo neno kipande, ambalo maana yake ni sehemu tu ya kitu, lilipopata uzito ambao wazee wetu waliubeba mfukoni miaka mingi.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, mfumo wa kipande uliendelea mashambani. Mshahara haukuhesabiwa kwa tarehe. Ulihesabiwa kwa vyumba. Ukimaliza kazi ya siku unatiwa alama, na alama zikifika 30 ndipo unalipwa. Mwezi wa kipande haukuwa ukiandama. Ungeweza kukuchukua wiki tano, ungeweza kukuchukua miezi miwili, ikitegemea siku ulizougua, siku za msiba, na siku ulizoamua kwenda kupalilia shamba lako mwenyewe.

Na kazi ya siku yenyewe haikupimwa kwa saa. Wa kupalilia alipimiwa ngwe, yaani eneo lake la kulima siku ile, na mkata mkonge alipewa idadi ya mafungu ya majani. Leo tunasikia ngwe kwenye redio mtangazaji anapotangaza mechi au kampeni, tukasahau kwamba neno hilo limetoka kwenye jembe. Ngwe ikiisha, siku imeisha, hata kama jua bado liko utosini. Ngwe isipoisha, hakuna alama, na jasho la asubuhi nzima limepotea bure. Huo ulikuwa ukatili mkubwa, nami siwezi kuuremba. Nyapara mwenye chuki angeweza kuyakataa mafungu yako kwa kisingizio cha majani mafupi, na hukuwa na pa kwenda kusema.

Babu alikuja kutoka Kasulu miaka ya 1950, akiwa mmoja wa manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa walipoandikishwa. Kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliyoanzishwa 1944 kwa kazi ya kukusanya watu kutoka mbali: Waha, Wabena, Wamakonde, na wengine kutoka Burundi. Walisafirishwa kwa treni na malori, wakapokelewa kambini, wakapewa posho ya unga, maharage na chumvi.

Mama anakumbuka jinsi babu alivyoamka. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshanoa kisu. Aliingia shambani kabla mwanga haujakamilika, akakata majani ya chini, akapunguza miiba ya ncha, akafunga mafungu, akayabeba hadi kwenye reli ndogo ya kuyapeleka korona, kwenye mashine ya kutoa nyuzi. Utomvu wa mkonge unawasha, na jua likikukuta bado umeinama, ngozi inakuwa moto. Saa tano alikuwa amerudi. Alioga, akala, akalala kidogo, kisha alasiri akaenda kwenye bustani yake ya mihogo nyuma ya kambi. Kila jioni aliichukua kadi akavihesabu vyumba kwa kidole, mama akiwa amekaa pembeni yake.

Hapo nilijifunza kitu nilichokuwa nikikitafuta. Saa ya ukutani ninayo, simu yenye kengele ninayo, na hazijawahi kuniinua kitandani. Babu hakuinuliwa na nyapara peke yake. Aliinuliwa na mihogo yake. Alijua ngwe ya leo ina mwisho, na baada ya mwisho huo kuna saa ambazo ni zake. Mimi siku zangu hazikuwa na mwisho. Nilikaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi saa nne usiku nikirukia kazi hii na ile, nikalala nikijiona mdeni wa watu wote.

Basi nilichukua daftari nikachora vyumba 30. Nilisita kabla ya kuchora, kwa sababu najua jinsi kadi ile ilivyotumika kuwabana watu. Lakini kalamu ya kutia alama niliishika mwenyewe, na ngwe nilijipimia mwenyewe: magauni mawili, au kaptula sita, au sare nne za kitenge, basi. Mteja wa ziada anaandikiwa chumba cha mbele, naye anaonyeshwa ni kipi. Wengine walikasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Wengi walirudi.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Halafu kamba za nailoni zikaenea duniani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakataifishwa 1967. Shamba alilofanyia kazi babu lilisimamisha korona akiwa na vyumba vinane mbele yake. Siku zile 22 hakulipwa mpaka anaingia kaburini, na kadi hakuitupa.

Nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Leo nimekwenda msibani, kwa hiyo chumba cha 19 kwenye daftari langu nimekiacha kitupu. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi naanza na kola za sare za shule, kola 14, na saa nane mchana nafunga duka niende na mama shambani.