Mlima Meru Haujahama: Kipaji, Dawa na Historia ya Wakimbiaji wa Arusha

Alfajiri, kabla magari ya watalii hayajaanza safari ya Karatu, barabara za Sakina na Ngaramtoni huwa tayari zina wakimbiaji. Wamo waliotoka Mbulu, Hanang na Singida, wakifuata hewa ya miteremko ya Mlima Meru. Septemba 2025, mmoja wa wanaofanya mazoezi Arusha, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Kila shangwe ya namna hii inapotulia, hufuata swali ambalo siku hizi halimwachi mshindi yeyote: ni kipaji, au ni dawa?

Swali hilo lilikomaa katika mbio za baiskeli. Lance Armstrong wa Marekani alitwaa Tour de France mara 7 mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005, akisifiwa kuwa na moyo na mapafu yasiyo ya kawaida. Mwaka 2012 alivuliwa mataji yote, na Januari 2013 akakiri. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2017 alikutwa na kiwango kikubwa cha dawa ya pumu. Mwaka uliofuata alisafishwa. Tangu hapo hata ushindi halali husindikizwa na minong'ono.

Sisi wa nyanda za juu swali hili linatugusa kwa namna ya pekee. Mwili unapokaa mahali penye hewa nyepesi, figo huongeza homoni iitwayo erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za kubebea oksijeni. Waendesha baiskeli wa miaka ya 1990 walijidunga homoni hiyohiyo iliyotengenezwa maabara, ijulikanayo kwa kifupi kama EPO. Kile ambacho mlima hukitoa kidogo kidogo, sindano hukitoa kwa haraka na kwa kupita kipimo. Kwa macho matupu, mtazamaji hawezi kumtofautisha aliyejaliwa na mlima na aliyejaliwa na sindano.

Tuyapime basi majibu hayo mawili kwa historia yetu wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliivunja rekodi ya zamani. Mei 1975, mjini Kingston, Bayi aliongeza rekodi ya maili, 3:51.0. Wakati huo EPO ya maabara haikuwapo. Ilianza kutumika hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1980. Anayetaka kueleza mafanikio yote ya Afrika Mashariki kwa sindano hiyo anakanushwa na kalenda.

Lakini wapenzi wa jibu la kipaji wasishangilie mapema. Mwaka 1980 mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, hizo zimebaki medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Katika miaka hiyo yote Mlima Meru haukuhama, wala Karatu haikushuka hata mita moja. Damu ni ileile na hewa ni ileile. Kama kipaji peke yake kingetosha, medali zisingekatika.

Kilichobadilika ni mikono iliyokipokea kipaji. Kizazi cha Bayi kililelewa na michezo ya shule na majeshi. Nyambui na Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, walipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Kisha uchumi uliyumba, vita vya Kagera vikala akiba ya taifa, bajeti za michezo zikanyauka, na baadaye michezo ya shule ikasimamishwa kwa miaka kadhaa. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, alikuwa mwanajeshi. Pale taasisi iliposimama, matunda yaliendelea. Kwa majirani zetu wa Iten, Kenya, Bruda Colm O'Connell alifika Shule ya St Patrick's mwaka 1976, na mabingwa wakatoka pale kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, taasisi si malaika. Ujerumani Mashariki ilikuwa na taasisi imara mno, na ndizo zilizowanywesha vijana dawa kwa mpango wa dola. Kenya nako, fedha za zawadi zilikua kuliko ulinzi wake. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston, alinaswa na EPO mwaka 2014. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa 2016, akanaswa mwaka 2017. Na Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 3 kwa dawa ya kukojoza ambayo huweza kuficha nyingine. Wote walikuwa na kipaji. Kipaji hakikuwakinga, kwa sababu mkimbiaji anayejua kwamba mbio moja inaweza kujenga nyumba na kusomesha ukoo mzima hujaribiwa kila siku.

Kenya ilijifunza kwa uchungu: mwaka 2016 ilitunga sheria mahususi, na mwaka 2018 maabara ya kupima damu za wanariadha ikafunguliwa Nairobi. Sisi tusingoje aibu ndipo tujifunze. Mwanariadha safi hawezi kuuthibitisha usafi wake kwa kiapo. Kinachomtetea ni vipimo vya damu vya miaka mingi, vilivyochukuliwa bila taarifa na kutunzwa na chombo ambacho hakina maslahi katika ushindi wake. Mtumishi wa umma anayeiona bajeti ya upimaji kama anasa aitazame upya: ni ngao ya mtoto wa Mbulu atakayeshinda kesho na kutakiwa ajieleze mbele ya dunia.

Pamoja na ngao hiyo, arudishiwe uwanja wa shule, mwalimu wa michezo anayelipwa, na maisha ya kueleweka baada ya miguu kuchoka. Mlima umeshatoa mchango wake, na haujawahi kuomba bajeti. Sehemu iliyobaki ni yetu.