Uturi Juu ya Jasho

Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mshairi wa Roma aitwaye Martial alimtungia kejeli bwana mmoja, Postumus, aliyekuwa akinukia vizuri saa zote. Mshairi hakuvutiwa, alishuku. Anukiaye bila kukoma, kwa maoni yake, ana jambo analolifunika. Washairi wa zama zile walisema kwapani mna beberu, na kila aliyewahi kumsikia Mswahili akilalamika kuwa fulani ananuka beberu atakiri kuwa pua za wanadamu hazikupishana sana. Shaka ya Martial ndiyo inayorudi leo mbele ya makopo ya manukato ya kupuliza, yaitwayo spre: je, huondoa kikwapa au hukizidisha?

Watu wa pwani walikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu na popoo, kisha akanyunyiziwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Manukato yalikuwa heshima ya mgeni, si dawa ya jasho lake. Huko Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Mwanawe, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mji ile ya Hamamni. Maji yalitangulia, uturi ukafuata. Hata nyumba isiyo na hamamu ilishika mpango huo: mtu huoga, hujipaka liwa, ndipo nguo hutandazwa juu ya chetezo ikafukizwa udi. Na izingatiwe kwamba udi ulipewa nguo, tena nguo iliyofuliwa. Kwapa lilikuwa na haki yake mbali, nayo ni kunyofolewa nywele, jambo lililohesabiwa miongoni mwa sunna za maumbile.

Kwingineko biashara haikungoja elimu. Edna Murphey, binti wa daktari wa Cincinnati, Marekani, alianza kuuza dawa ya kuzuia jasho ambayo babake aliitengeneza kwa mikono ya wapasuaji. Aliiita Odorono. Ilikuwa nyekundu, yenye tindikali, na ilikula nguo. Mwaka 1919 tangazo lake katika jarida la Ladies' Home Journal, lililotungwa na James Young, liliwafahamisha wanawake kuwa huenda wananuka bila wenyewe kujua. Wasomaji wapatao 200 walikasirika wakaacha kulichukua jarida. Mauzo ya dawa yakapanda. Hofu ile, ya kunuka bila kujijua na bila kuambiwa, haijatoka sokoni mpaka leo, na aghalabu humpata kijana kabla hajapatwa na kikwapa chenyewe.

Sababu yenyewe ilibainishwa mwaka 1953, pale madaktari wa Marekani, Shelley, Hurley na Nichols, walipokusanya majimaji ya tezi za kwapani. Yalipotoka yakiwa safi hayakuwa na harufu. Yalipoachwa pamoja na bakteria wa ngozini, yakavunda. Waliona pia kwamba kunyoa kwapa hupunguza harufu. Basi jasho halina hatia peke yake. Wanaolila ndio wanaonuka, au tuseme, mabaki ya karamu yao.

Kopo la kupuliza lilikuja baadaye. Right Guard ilitoka mwaka 1960, na Axe ikazinduliwa Ufaransa mwaka 1983. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwani si kila kopo lina kazi moja. Lenye chumvi za alumini huziba vijitundu vya jasho. Lenye dawa ya kuua bakteria huwapunguza walaji. Lakini spre nyingi ni alkoholi, gesi na manukato tu. Alkoholi huua baadhi ya bakteria, kisha huruka. Manukato nayo hupeperuka, ilhali waliosalia wanaendelea kula. Kwa hiyo spre haizalishi kikwapa. Ila ikipuliziwa kwapa lisilooshwa, pua hupokea harufu mbili kwa pamoja, na mchanganyiko huo mara nyingi huudhi kuliko jasho tupu. Aliyepuliza hajui, kwa kuwa pua yake imekwisha kuizoea. Wapo pia ambao ngozi yao huwashwa na manukato hayo, nao wakidhani wanahitaji kuongeza.

Nguo nayo ina sehemu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walizichunguza fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli. Za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu aina za bakteria wanaotoa uvundo hustawi zaidi katika nyuzi hizo. Kijana wa leo huivaa jezi ya poliesta tangu asubuhi, na ifikapo alasiri huipulizia spre juu kwa juu. Bibi yake angemwambia aivue kwanza, aoge.