Kitanda cha Dola 17: Lincoln Akiwa Wakili wa Springfield

Tarehe 15 Aprili 1837, kijana mrefu wa miaka 28 aliingia Springfield, Illinois, akiwa juu ya farasi wa kuazima. Mali yake yote ilienea kwenye mifuko ya tandiko. Alishukia dukani kwa Joshua Speed, akauliza bei ya kitanda na matandiko yake. Speed akapiga hesabu: dola 17. Abraham Lincoln hakuwa nazo. Aliomba akopeshwe hadi Krismasi, akakiri kwamba uwakili ukimshinda, huenda asilipe kamwe. Speed akamwonea huruma, akamkaribisha chumbani kwake ghorofani walale kitanda kimoja.

Hofu ile ilikuwa na msingi. Darasani Lincoln alikaa muda ambao kwa jumla haukufika mwaka. Kule New Salem, alikoishi kabla ya Springfield, duka aliloendesha pamoja na William Berry lilikufa na kumwachia madeni ya miaka mingi. Alisimamia posta, akapima ardhi, na mwaka 1834 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo. Mbunge mwenzake, wakili John Todd Stuart, ndiye aliyemhimiza asome sheria na kumwazima vitabu. Alijisomea mwenyewe, akapata leseni Septemba 1836. Stuart huyohuyo alimpokea Springfield wafanye kazi pamoja.

Kesi zenyewe zilikuwa za madeni, mifugo na ugomvi wa majirani. Majira ya machipuko na ya vuli, jaji na mawakili walisafiri mji hadi mji kuendesha mahakama, wakibanana kwenye nyumba za wageni. Barua na karatasi za wateja Lincoln alizichomeka ndani ya kofia yake ndefu.

Kesi mbili zastahili kusomwa pamoja. Mwaka 1841 alimtetea David Bailey, aliyedaiwa fedha za kumnunua mwanamke mweusi aitwaye Nance. Lincoln alijenga hoja kwamba Illinois kila mtu huhesabiwa huru hadi ithibitishwe vinginevyo, na mtu huru hauzwi. Mahakama Kuu ya jimbo ilikubali. Deni likafutwa, na uhuru wa Nance ukapata nguvu ya sheria.

Miaka sita baadaye, Oktoba 1847, alisimama mahakamani Charleston, Illinois, upande wa Robert Matson, mwenye watumwa kutoka Kentucky aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake wanne. Wasifu unaoisifu kesi ya Nance na kuiruka hii unamdhulumu msomaji, na unamdhulumu Jane zaidi. Hakuna aliyemlazimisha Lincoln kupokea kazi ile.

Alishindwa. Majaji waliamua kwamba Matson, kwa kuwaweka shambani kwake Illinois, alikuwa amepoteza haki yoyote juu yao. Jane na wanawe wakatoka huru. Kabla mwezi huo haujaisha, Lincoln alimwachia mshirika wake William Herndon ofisi, akafunga safari ya Washington kwenda kuanza kazi katika Bunge la Marekani.