Chuma kilichofichwa ndani ya shingo ya gitaa

Hapa Lubumbashi kiangazi kikiisha na mvua za kwanza zikianguka, ku makwaya na ku vikundi vya muziki munasikia sentensi moja tu: « Manshe ya hii gitaa imekufa. » Kamba zimeinuka katikati ya shingo, vidole vinauma, ao zinalia « zzz » karibu na kichwa. Kisha watu wanaanza kuchanga pesa za gitaa ingine. Mimi napiga gitaa tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na hilo neno « imekufa » linanisumbua, juu shingo ya gitaa ya umeme kwa kawaida iko na dawa yake mule ndani, na dawa hiyo imepita miaka mia moja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Gitaa za zamani za Ulaya zilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama, na hizo hazikuvuta sana. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kule Marekani, watu walitaka sauti kubwa, wakaanza kufunga waya wa chuma. Sauti ilipatikana, lakini mbao ndiyo ilibeba mzigo. Kamba sita nyembamba za gitaa ya umeme ya leo zinavuta karibu kilo 45, na za gitaa kavu yenye kamba za chuma zinaweza kupita kilo 70. Fikiria karibu mfuko mzima wa simenti unavuta kichwa cha gitaa usiku na mchana, hata wewe ukiwa umelala. Tena mbao inakunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Wale wa politekiniki wameshaelewa: shingo itapinda tu, swali ni lini.

Wafundi wa wakati ule walijibu kwa nguvu. Wengine walichonga shingo nene kama mpini wa jembe. Wengine walitafuta mbao ngumu zaidi, ao wakalaza ndani kipande cha chuma kisichosogea. Nyumba ya Martin, iliyoanzishwa mwaka wa 1833, ilitumia chuma cha umbo la T tangu 1934, na wakati wa vita kuu ya pili chuma kilipokosekana, ikaweka mpingo fasi yake. Wazo la hao wote ni moja: kuzuia shingo isisogee hata kidogo.

Jibu la namna ingine lilitoka Kalamazoo, mji wa jimbo la Michigan, kwenye kiwanda cha Gibson. Mfanyakazi mmoja wa pale, Thaddeus McHugh, aliomba hati ya uvumbuzi mwaka wa 1921, akaipata 1923. Wazo la kuweka ufito wa chuma ndani ya shingo lilikuwa limeshaonekana kwenye hati zingine tangu 1908, lakini ni kwa hati ya McHugh ndipo lilipoingia kweli ku gitaa zinazouzwa. Wafundi wanaita ufito huo trasi-rodi. Ku gitaa nyingi unalala ndani ya mfereji uliopinda kidogo, tumbo lake likielekea mgongo wa shingo. Mwisho mmoja umefungwa imara, na mwisho mwingine uko na nati. Ukikaza nati, ufito unataka kunyooka, na katika kunyooka unaisukuma katikati ya shingo kuelekea kamba. Kamba zinavuta mbele, chuma kinarudisha nyuma, na wewe mwenye ufunguo ndiye unaamua wakutane wapi. Yaani McHugh alikubali kwamba mbao itasogea, akaacha mlango wa kuifuata kila mara inaposogea.

Kuna kitu hapa kinanigusa kama mtu niliyesoma. Miaka ileile, pale Gibson palikuwa na Lloyd Loar, mtu wa muziki na wa nadharia. Jina lake linajulikana dunia nzima kwa mandolini F-5 na gitaa L-5 za mwaka wa 1922, na vyombo vyenye sahihi yake vinauzwa bei kali sana. Ndani ya shingo ya ile L-5 mulikuwa chuma cha McHugh. Sasa uliza wapiga gitaa kumi kama wanamjua McHugh!

Wakati ule hati ya uvumbuzi ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu siku ya kutolewa. Hesabu mwenyewe: 1923 ukiongeza 17 ni 1940. Miaka yote hiyo, fundi mwingine asingeweza kunakili kazi ile bila ruhusa. Mwaka wa 1950 mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu, lakini Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alikataa kuingia. Fender hakujua kupiga gitaa. Alifikiri kama fundi wa redio: kipande kikiharibika, unakitoa unaweka kingine. Ndiyo maana shingo yake imeshikwa ku mwili kwa visi nne. Aliamini mbao ya mepo ni ngumu, haihitaji chuma. Gitaa zake za kwanza za mwaka ule, zile Esquire, zilitoka bila trasi-rodi, na shingo zikaanza kupinda. Wauzaji wakalalamika, na mbele ya mwaka kuisha chuma kilikuwa kimeingia. Ule mstari mweusi mgongoni mwa shingo nyingi za Fender, ambao vijana wanadhani ni urembo, ni kipande cha mbao kinachofunika mfereji ambamo chuma kilipitishwa.

Na sisi? Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa kavu ya kamba za chuma. Kule Léopoldville, Franco alianza utotoni na gitaa ya kujitengenezea, akivutia wateja wa mama yake sokoni. Mwaka wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville na gitaa ya umeme, na muziki wetu ukageuka. Ala iliingia haraka, nyimbo zikaenea Afrika nzima. Lakini ule ufunguo mdogo wa kugeuzia nati, wapigaji wengi ninaowajua hawajawahi kuushika. Mwaka jana, ku kwaya moja ya hapa mjini, walikuwa tayari kuchanga dola 150 juu ya shingo iliyopinda. Nilifungua kibati cha kichwani, nati ilikuwa pale, na vumbi lake la kiwandani. Robo mzunguko jioni, robo ingine kesho yake. Zile dola wakanunua kamba na kebo.

Namna ya kupima ni hii. Weka kamba ku akordi yako ya kawaida, kwa sababu bila mvuto wa kamba kipimo kinadanganya. Bonyeza kamba nene ku freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine pale shingo inapokutana na mwili. Sasa kamba imekuwa rula. Tazama freti ya saba: nafasi kati ya kamba na freti iwe karibu robo ya milimita, kama unene wa kadi nyembamba. Ikiwa nafasi ni kubwa, kaza nati kuelekea kulia. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na freti za mwanzo zinalia, legeza. Robo mzunguko tu, piga tena akordi, acha mbao itulie, kisha pima upya. Ufunguo uwe wa kipimo chake kamili. Ule wa kulazimisha unakula nati, na hapo kweli utalia.

Musitumie trasi-rodi kushusha kamba zilizo juu fasi yote ya shingo. Hiyo ni kazi ya visi za daraja, kule chini. Chuma hakinyooshi pia shingo iliyojisokota kama kamba ya nguo. Na nati ikifika mwisho, ikagoma kuzunguka hata kwa mkono mwepesi, acha hapo hapo, upeleke gitaa kwa fundi wa mbao. Martin wenyewe, pamoja na ujuzi wao wote, waliweka chuma cha kurekebishika mwaka wa 1985 tu, miaka 62 nyuma ya hati ya McHugh.