Dhamana na haki za mshukiwa katika kesi za mihadarati

DHAMANA ni haki ya kila anayekamatwa nchini Kenya, awe amepatikana na msokoto mmoja wa bangi au kilo kadhaa za heroini. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chaagiza mshukiwa aachiliwe kwa masharti yanayofaa, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuilia. Jukumu la kuthibitisha sababu hizo ni la upande wa mashtaka.

Polisi wanapomtia mtu mbaroni hupaswa kumweleza mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kumkamata na haki yake ya kunyamaza. Aidha, wanatakiwa kumruhusu awasiliane na wakili. Ni sharti afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa, hufikishwa siku ya kazi inayofuata. Akiachiliwa kituoni kwa pesa taslimu, anafaa kupewa risiti.

Hakimu anapoamua ombi la dhamana huzingatia uzito wa shtaka, uthabiti wa ushahidi, makao ya mshtakiwa na iwapo amewahi kuhepa kesi. Dhamana yaweza kuwa pesa taslimu, bondi yenye mdhamini au ahadi ya mshtakiwa mwenyewe. Anayelemewa na kiasi alichotozwa ana ruhusa ya kuomba kipunguzwe, na Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru hivyo.

Kuhusu ushahidi, Sheria ya Mihadarati ya 1994 inataka dawa zilizonaswa zipimwe uzani mbele ya mshukiwa na wakili wake, inapowezekana. Mkemia aliyeidhinishwa huchukua sampuli na kuandaa cheti kinachoonyesha ni dawa gani. Upande wa mashtaka huhitajika pia kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua dawa hizo zipo. Kuishi katika nyumba zilimopatikana pekee hakutoshi.

Hata hivyo, kinga hizi humponyoka anayekosa pesa za dhamana na kukiri shtaka ili aepuke rumande. Akikiri, mashahidi hawaitwi wala hawahojiwi, na rufaa yake kwa kawaida huhusu adhabu tu. Ndiyo maana uamuzi wa 1973 wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ungali unafuatwa: shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akiyapinga, hakimu hurekodi kwamba amekanusha.

Uamuzi huo si wa kufanywa kwa pupa. Kumiliki bangi kwa matumizi ya kibinafsi kuliadhibiwa kwa kifungo cha miaka 10 chini ya sheria ya 1994. Tangu marekebisho ya 2022, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Aliye na dawa nyingine hukabiliwa na adhabu kali zaidi.

Dhamana si msamaha. Mshtakiwa akikosa kufika kortini bila sababu, hakimu hutoa hati ya kumkamata, na pesa au mali ya mdhamini huwa hatarini kutwaliwa na serikali. Akihudhuria vikao vyote hadi kesi imalizike, pesa alizoweka hurejeshwa, hata akipatikana na hatia.